Simu ya Mtoto Mikononi mwa Mzazi: Ufuatiliaji Usiovunja Uaminifu

Na Mwandishi Wetu

LIKIZO inapoanza na wanafunzi wa bweni kurejea nyumbani, jambo moja hujirudia katika kaya nyingi nchini. Mzazi hufungua kabati, hutoa simu janja iliyokaa humo tangu siku mwanafunzi aliporipoti shuleni, na kumkabidhi mwanawe. Kwa kuwa wanafunzi wa shule za msingi na sekondari hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, kifaa hicho huwa kimelala kwa miezi. Kikishawashwa na kuwekwa bando, ndani ya dakika chache humiminika ujumbe wa makundi ya WhatsApp, maombi ya urafiki kutoka kwa watu wasiofahamika na video zilizotumwa usiku na mchana. Mtoto aliyekuwa chini ya macho ya matroni na kengele ya bweni sasa yuko peke yake chumbani, na mlango umefungwa.

Hapo ndipo wazazi hugawanyika. Wapo wanaosubiri mtoto alale ili waichukue simu na kuipekua. Wapo wanaoamini kuwa kupekua ni kumdhalilisha kijana, hivyo huacha mambo yaende yenyewe. Wapo pia, na pengine ndio wengi zaidi, ambao hawana msimamo: hawaangalii chochote kwa miezi sita, kisha siku moja husikia habari ya kutisha redioni, hukasirika, na kuinyang'anya simu bila maelezo. Maswali yaliyo nyuma ya mienendo hiyo mitatu ni ya malezi, lakini yanagusa pia sheria za nchi na mwelekeo wa Serikali katika kumlinda mtoto mtandaoni.

Tuanze na sheria. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inamtambua kuwa mtoto kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Kifungu cha 9 cha sheria hiyo kinamtwika mzazi wajibu wa kumlinda mtoto dhidi ya kutelekezwa, ubaguzi, ukatili, unyanyasaji na mazingira yanayohatarisha mwili na maadili yake, pamoja na kumpatia mwongozo na malezi. Kwa upande wa Zanzibar, haki na ustawi wa mtoto vinasimamiwa na Sheria ya Watoto Na. 6 ya mwaka 2011. Mzazi anayesema kwamba yaliyomo katika simu ya binti yake wa miaka 13 "ni mambo yake mwenyewe" hajamheshimu mtoto huyo. Ameacha wajibu ambao sheria imemkabidhi.

Hata hivyo, sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika uamuzi unaohusu ustawi wake. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalinda faragha ya kila mtu, wala haikuweka kiwango cha umri. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, nao unalinda faragha ya mtoto katika ibara yake ya 16. Mwaka 2021 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo ilitoa Maoni ya Jumla Na. 25 kuhusu haki za mtoto katika mazingira ya kidijitali, na humo ikaeleza kwamba ufuatiliaji unaofanywa na wazazi unapaswa kuwa wa kiasi na kuendana na uwezo wa mtoto unaokua kadiri umri unavyoongezeka.

Ukiyasoma maandiko hayo kwa pamoja, unaona kuwa hakuna mahali mzazi anapozuiwa kufuatilia. Anachoulizwa ni namna gani anafuatilia, kwa kiasi gani, na kama mtoto anajua.

Kwamba hatari ipo, hilo halina mjadala. Utafiti uliofanywa nchini na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF), mtandao wa ECPAT na Polisi wa Kimataifa (INTERPOL), ambao ripoti yake ilitolewa mwaka 2022, ulibaini kuwa asilimia 67 ya watoto wenye umri wa miaka 12 hadi 17 walikuwa wanatumia intaneti. Miongoni mwa watumiaji hao, asilimia 4 walikuwa wamefanyiwa vitendo vya wazi vya unyonyaji au ukatili wa kingono unaohusisha mtandao ndani ya mwaka mmoja. Ikikokotolewa kwa idadi ya watoto nchini, asilimia hiyo inayoonekana ndogo inakadiriwa kufikia watoto 200,000.

Matokeo mengine mawili ya utafiti huo yanastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko tarakimu hizo. La kwanza ni kuwa mara nyingi mtendaji wa ukatili huo ni mtu ambaye mtoto anamfahamu tayari. Taswira ya mzee wa mbali aliyejificha nyuma ya picha bandia ipo, lakini mara nyingi namba inayomsumbua mtoto imehifadhiwa katika simu yake kwa jina la kawaida kabisa: mpenzi, jirani, ndugu wa ukoo. Mzazi anayepekua akitafuta namba ngeni anaweza kuipita namba yenye madhara bila kuitilia shaka. La pili ni kuwa watoto waliofikwa na madhila hayo kwa nadra sana waliyafikisha polisi au katika huduma ya simu kwa mtoto. Waliosema, walimwambia rafiki au mtu wa karibu. Wapo ambao hawakumwambia mtu yeyote.

Ukimya huo ndio unaofanya suala la uaminifu liwe suala la usalama. Mwaka 2000, watafiti Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapisha utafiti kuhusu vijana 703 wenye umri wa miaka 14 na wazazi wao katika eneo la kati la Sweden. Kabla ya hapo ilizoeleka kudhaniwa kuwa mzazi anayejua mengi kuhusu nyendo za mwanawe ni yule anayefuatilia sana. Walipotenganisha vyanzo vya taarifa hizo, waliona kuwa sehemu kubwa ya anachokijua mzazi ilitoka kwa mtoto mwenyewe kusimulia kwa hiari, kuliko kuulizwaulizwa au kubanwa. Sweden si Tanzania, na wakati huo simu janja hazikuwepo. Lakini mzazi yeyote aliyewahi kumhoji kijana wa miaka 14 kuhusu alikokuwa atatambua kuwa jambo hilo halina mipaka ya nchi.

Hapa ndipo methali yetu ya mchelea mwana kulia hulia yeye inapotumiwa vibaya. Wahenga walimwonya mzazi asiogope kuweka mipaka. Hawakusema mipaka hiyo iwekwe kwa kunyemelea. Mzazi anayeisoma simu usiku kwa siri anapata taarifa ya usiku huo mmoja. Mtoto akigundua, na watoto hugundua, hubadilisha namba ya siri, hufungua akaunti ya pili, au huanza kutumia simu ya rafiki. Kuanzia hapo mzazi anapekua simu iliyosafishwa, na siku mtoto atakapotishiwa kuwa picha zake zitasambazwa, mtu wa mwisho kuambiwa atakuwa mzazi huyo.

Ipo pia njia ya siri iliyo mbaya zaidi, nayo ni programu za kijasusi zinazouzwa mtandaoni kwa ahadi kwamba mzazi ataona kila ujumbe na kusikiliza kila simu bila mtoto kujua. Mbali na kuvunja uaminifu, programu hizo hukusanya taarifa za mtoto na kuzihifadhi kwa mtu mwingine ambaye mzazi hamjui. Mwezi Mei 2018 iliripotiwa nchini Marekani kuwa seva za programu ya TeenSafe, iliyotumiwa na wazazi kuwafuatilia vijana, ziliachwa wazi bila ulinzi. Zaidi ya kumbukumbu 10,000 zilikuwa zinaonekana, zikiwemo anuani za barua pepe za wazazi na nywila za akaunti za watoto wao, zikiwa katika maandishi ya kawaida yanayosomeka. Wazazi walikuwa wamelipia ulinzi. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa binafsi nyeti, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024, ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Mzazi anayepakua programu ya namna hiyo kutoka kwa muuzaji asiyejulikana anatoa nje ya nyumba yake kile ambacho sheria imekusudia kukilinda.

Zipo programu za namna nyingine, ambazo hufanya kazi kwa uwazi. Family Link ya Google ni mojawapo: mzazi huweka muda wa matumizi, huidhinisha programu kabla mtoto hajaipakua na huweza kuona simu ilipo, na mtoto huarifiwa kuwa yuko chini ya uangalizi. Haimwezeshi mzazi kusoma mazungumzo ya mtoto. Wapo wanaoiona kuwa ni dosari. Kwa maoni ya mwandishi, hiyo ndiyo sifa yake kubwa. TikTok nayo inaruhusu akaunti ya mzazi kuunganishwa na ya kijana kwa ridhaa ya pande zote mbili. Katika WhatsApp, dakika mbili katika mipangilio ya faragha zinatosha kuzuia mtu yeyote asiye katika orodha ya namba za mtoto asimwingize kwenye kundi. Hatua hiyo haigharimu kitu, na wazazi wengi hawajawahi kuichukua hata katika simu zao wenyewe.

Lakini nyenzo hizo hudhania kuwa kila mtoto ana simu yake. Katika kaya nyingi hali haiko hivyo. Simu ni moja, ni ya mama, na ndiyo hiyo hiyo yenye fedha za mauzo ya duka, picha za familia, kundi la kikoba na katuni za mtoto wa miaka mitano. Mtoto anaijua namba ya siri ya kufungulia simu kwa sababu alimwona mama akiiandika, na si ajabu anaijua pia ya kutolea fedha. Katika nyumba kama hizo swali la kumfuatilia mtoto lina sura mbili, kwa kuwa mtoto naye anaona ya wakubwa. Video isiyofaa iliyotumwa na mtu mzima katika kundi la watu wazima hufunguliwa asubuhi na mtoto anayetafuta katuni. Kabla ya kuuliza mtoto anaangalia nini, mzazi wa nyumba hiyo ana sababu ya kuangalia kwanza anapokea nini yeye, na kuzima mpangilio unaohifadhi picha na video zenyewe kwenye simu.

Suala la laini nalo halipaswi kupuuzwa. Laini nyingi zinazotumiwa na watoto zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi au ndugu mkubwa. Iwapo laini hiyo itatumika kumtukana mtu mtandaoni au kutuma ujumbe wa utapeli, jina litakaloonekana katika usajili ni la mzazi. Kwa kupiga *106# mwananchi anaweza kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na ujumbe wa kitapeli unaweza kutumwa kwenda namba 15040. Kumweleza mtoto jambo hili waziwazi ni njia nyepesi ya kuanzisha mazungumzo, kwa sababu linamhusu mzazi mwenyewe na halimtuhumu mtoto kwa lolote.

Umri nao hubadilisha kila kitu. Kwa mtoto wa miaka saba au minane hakuna ubishi: simu hutumika sebuleni, kwa muda, na mzazi akiwa karibu. Mtoto wa umri huo hajisikii kudhalilishwa kwa kuangaliwa. Ugumu huanza kwenye miaka 12 au 13, na 13 ndio umri ambao masharti ya WhatsApp, TikTok na Instagram yanaruhusu kufungua akaunti, ingawa watoto wengi huingia mapema kwa kuandika mwaka wa kuzaliwa usio wao, mara nyingine wakisaidiwa na binamu au dada mkubwa. Australia imechukua mkondo mkali zaidi: sheria iliyopitishwa Novemba 2024 na kuanza kutekelezwa Desemba 10, 2025 inazitaka kampuni za mitandao mikubwa ya kijamii kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti, na mzigo wa kuhakikisha hilo umewekwa juu ya kampuni, si mzazi. Nchi nyingine zinaitazama kwa karibu. Hadi sasa mtoto wa Kitanzania wa miaka 13 yumo mtandaoni, na anayesimama kati yake na kilichomo humo ni mtu wa nyumbani kwake.

Katika umri huo kinachofaa ni makubaliano yanayotangulia simu. Mzazi anaweza kusema hivi: "Mwanangu, simu hii ni yako kutumia, lakini nimeinunua mimi na laini ina jina langu. Usiku italala sebuleni, na ya kwangu pia. Jumamosi tutakaa wote, utanionyesha programu ulizoweka na makundi uliyomo. Sitasoma mazungumzo yako na rafiki zako. Nikiwa na wasiwasi kwamba uko hatarini nitaomba kuona, na nitakuambia kabla." Mtoto atauliza: "Na nikikataa, baba?" Swali hilo ni la haki na linahitaji jibu la kweli: "Nitaichukua simu kwa muda hadi tuelewane, lakini sitaifungua kwa siri." Kijana anaweza kununa. Atakuwa hata hivyo anajua mipaka iko wapi, na anajua pia kuwa mzazi wake anasema analokusudia. Mzazi anayetoa ahadi hiyo anapaswa kuitimiza hata siku ambayo hasira inamwambia vinginevyo, na ile ya simu yake mwenyewe kulala sebuleni ndiyo wengi hushindwa.

Kijana wa miaka 16 au 17 anakaribia kuwa mtu mzima kisheria. Kumhesabia dakika hakumsaidii tena. Anachohitaji ni kujua utapeli unavyofanyika, picha inavyoweza kusambaa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema nini, kwa kuwa vijana wa umri wake hujikuta upande wa pili wa sheria bila kutarajia. Unyanyasaji wa mtandaoni ni kosa chini ya kifungu cha 23. Kusambaza picha za ngono za mtoto ni kosa chini ya kifungu cha 13, hata kama zilianza kama mzaha baina ya wanafunzi wa darasa moja.

Kifungu hicho cha mwisho kinawahusu pia wazazi, na hapa makosa hufanyika kwa nia njema. Mzazi anayekuta picha isiyofaa ya mwanawe katika simu mara nyingi huituma kwa shangazi, kwa mwalimu au katika kundi la familia akiomba ushauri. Kwa kufanya hivyo anaisambaza. Wengine huifuta kwa aibu, na ushahidi hupotea. Wengine humchapa mtoto, ilhali kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto kinakataza adhabu isiyolingana na umri na hali ya mtoto, na ilhali katika tukio hilo mtoto ndiye aliyetendewa. Utaratibu unaofaa ni kuiacha simu kama ilivyo, kutomjibu wala kumlipa anayetishia, na kuifikisha simu yenyewe katika Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au kuanzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa eneo husika. Namba 116, ambayo ni huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Ni vema namba hiyo ihifadhiwe katika simu ya mtoto siku anayokabidhiwa, na aelezwe kuwa anaruhusiwa kuipiga hata kama kinachomsumbua kinatoka nyumbani.

Sentensi ya kwanza ambayo mtoto ataisikia baada ya kusema ndiyo itakayoamua kama ataendelea. Maafisa wanaoshughulikia mashauri ya watoto huanza kwa kumhakikishia kuwa amefanya vizuri kueleza. Mzazi anaweza kufanya vivyo hivyo, na kuahirisha swali la "kwa nini ulimtumia?" hadi siku nyingine.

Likizo itakapokwisha, simu itarudi kabatini, ikiwa na mazungumzo yote ya mwezi mzima, na mzazi atakuwa nayo peke yake kwa muhula mzima. Hilo nalo linafaa kuzungumzwa kabla mtoto hajapanda basi: simu izimwe na mtoto mwenyewe, mzazi na mtoto wote wawepo, na ikubalike kama laini itabaki ndani yake au itatolewa, na ni katika hali gani mzazi anaweza kuiwasha.